Moshi wa Milango

Hebu tuulizane, msomaji. Mtu ametumwa na wakubwa wake akachome nyumba. Amefika, kamkuta mzee kakaa ndani na hataki kutoka. Basi akaamuru milango ing'olewe, ikarundikwa uani, ikatiwa moto, moshi ukapanda juu ukaonekana mbali. Kisha akaondoka zake, na nyumba ikabaki imesimama. Huyo tumwiteje? Mtiifu? Mkaidi? Mwongo? Au tuseme tu ni mjanja, tucheke kidogo, tuendelee na mengine?

Swali hili sijalitunga ili kuchezea akili za watu. Jambo lenyewe lilitokea Januari 1951, katika bonde la mlima Odaesan, mkoa wa Gangwon, mashariki mwa Korea Kusini. Afisa alikuwa wa jeshi la Kusini. Nyumba ilikuwa hekalu la Kibudha liitwalo Sangwonsa. Mzee alikuwa mtawa aitwaye Hanam, mtu wa miaka sabini na kitu, aliyekuwa ameishi mlimani pale zaidi ya miaka ishirini. Kisa hiki Wakorea wanakifahamu sana, na kinasimuliwa kwa kutofautiana kidogo huku na kule kama visa vyote vinavyopendwa. Mimi nilikifikia kwa miguu, siku moja ya baridi kali, nikiwa na mshikaji wangu mmoja wa Tanga ambaye hadi leo hatujaelewana.

Wote wawili ni wanafunzi Seoul. Likizo ya baridi ukikaa chumbani unaoza, yaani unaoza kabisa, unakula tambi za pakiti na kuongea na dari. Tukasema twende mahali. Treni ya mwendo kasi inatoka Seoul hadi kituo cha Jinbu kwa muda wa kama saa moja na nusu. Reli hiyo ilifunguliwa Desemba 2017 kwa ajili ya Olimpiki ya majira ya baridi ya Pyeongchang, Februari 2018, ile ambayo Sabrina Simader aliteleza kwenye theluji akiwa na bendera ya Kenya. (Ndiyo, Kenya. Mzaliwa wa Kenya aliyekulia Austria. Ukimsimulia hilo Mkorea anacheka, kisha anaona aibu kwamba amecheka.) Kutoka Jinbu unapanda basi hadi hekalu kubwa la chini, Woljeongsa, na kutoka hapo kuna njia ya miguu ya kilomita tisa hivi kulifuata bonde hadi Sangwonsa. Njia inaitwa Seonjae-gil. Seonjae ni kijana wa kwenye msahafu mmoja wa Kibudha, ambaye kazi yake yote ni kutembea akiuliza maswali kwa walimu hamsini na watatu. Humo wamo watawa, ndiyo, lakini wamo pia baharia, muuza manukato, mfalme, watoto, hata kahaba. Nilipomweleza mshikaji akasema huyo kijana angefika Tanga angekaa barazani miaka mitatu na asimalize.

Kwanza unapita kwenye msitu wa misonobari mirefu iliyonyooka kama milingoti, karibu kilomita nzima. Kuna mmoja ulianguka Oktoba 2006, unakadiriwa ulikuwa na miaka mia sita, na wameuacha hapo hapo ulipolala, tumbo wazi, watu wanaingia ndani kupiga picha. Nasi tukapiga. Baada ya hapo msitu unafunguka na unabaki wewe na kijito. Kijito kimeganda juu, ila ukisimama kimya unasikia maji chini ya barafu yanaongea kama watu walio chumba cha pili. Kuna daraja la kienyeji la magogo, limetandikwa matawi ya msonobari na udongo. Zamani wanakijiji walilijenga kila mwaka kabla ya baridi, mafuriko ya kiangazi yakaja yakalizoa, wakajenga tena. Njiani unaona mabao ya maelezo: hapa palikuwa na reli ya kusombea magogo wakati Japani ilipoitawala Korea, kati ya 1910 na 1945, hapa waliishi watu maskini waliochoma msitu ili walime. Hayo ni maneno mawili tu kwenye bao, na watalii hawasimami. Baridi haisomeki.

Baridi yenyewe, bwana. Simu ilisema nyuzi 14 chini ya sifuri. Mshikaji alikuwa amevaa makoti mawili na kikoi kakizungusha shingoni, kikoi cha kwao hasa, na juu ya kikoi skafu. Tulifunga vyuma chini ya viatu ili tusiteleze. Pumzi inaganda kwenye nyusi. Vidole unaviagiza kufanya jambo, vinakujibu baadaye. Ukisimama dakika tano ule kitu, mwili unaanza kukuuliza: tunalala wapi leo?

Nalisimulia hili kwa sababu ndipo nilipoielewa ile amri. Nikiwa Seoul, nasoma kwenye kitabu, niliiona ni amri ya kishenzi tu. Kuchoma mahekalu! Lakini tazama ilivyokuwa. Majeshi ya China yalikuwa yameingia vitani upande wa Kaskazini, Seoul ilikuwa inaachwa mara ya pili, tarehe 4 Januari 1951, na jeshi la Kusini lilikuwa linarudi nyuma kupitia milima hii hii. Adui anakuja nyuma. Usiku hapa ni wa kuua. Kila paa utakaloliacha ni askari wa adui mia watakaolala, wakaamka na nguvu, wakakufuata. Kila paa utakalolichoma, hao mia watalala nje. Kwa hiyo paa ni silaha. Aliyetoa amri hakuwa kichaa wala mchukia dini. Alikuwa anafanya hesabu, na hesabu yake ilikuwa sahihi.

Woljeongsa iliteketea. Hekalu lile lilianzishwa mwaka 643, enzi za ufalme wa Silla, na Januari ile likawa majivu. Kilichobaki ni mnara wa mawe wa ghorofa tisa ulioko uani, kwa kuwa mawe hayaungui upesi. Ukumbi mkuu unaouona leo, wenye rangi zote hizo, ulijengwa upya mwaka 1968. Hakuna aliyeandika jina la aliyeuchoma kwenye bao lolote nililoliona, na sidhani kama ni haki kumtafuta. Alitii amri yenye maana.

Halafu wakapanda bonde hadi Sangwonsa. Inasimuliwa kwamba mzee Hanam aliwaomba wamsubiri kidogo. Akaingia ndani, akavaa joho lake la ibada, akaketi mbele ya sanamu ya Buddha, akawaambia sasa wanaweza kuwasha. Hakuwalaani, wala hakuwaambia amri yao ni mbaya. Maana ya maneno yake, jinsi yanavyosimuliwa, ni kwamba kazi ya askari ni kutii amri na kazi ya mtawa ni kulinda hekalu, basi kila mtu na afanye kazi yake. Na kwa kuwa mtawa akifa huchomwa moto hata hivyo, haikuwa shida kubwa.

Sasa hapa mshikaji alisimama katikati ya njia. "Huyo mzee alimpiga mtego," akasema.

"Mtego gani tena?"

"Si umeona? Afisa kaja na amri ya kuchoma mbao. Mzee kaigeuza kuwa amri ya kuchoma mtu. Kajitia mwenyewe ndani ya amri ya watu. Hiyo si haki, kaka. Ni kama mtoto anayekushika mguu usiondoke, halafu ukimkanyaga mbaya ni wewe."

Nililiwaza hilo kilomita nzima. Nadhani ana nusu ya ukweli. Kweli mzee alibadilisha yaliyomo ndani ya amri bila kugusa neno lake hata moja. Ila nauliza: kabla hajaketi, je, amri ile ilikuwa ya kuchoma mbao tu? Aliyeiandika alikuwa mbali, kwenye ramani. Aliandika "mahekalu". Neno hilo halina mzee ndani yake, halina kengele, halina mtu anayechemsha maji ya chai jikoni. Maneno ya amri ndivyo yalivyo. Ni makubwa na matupu, kama gunia, na lazima awepo mtu wa katikati atakayefika mahali penyewe aone gunia linatiwa nini. Mzee hakutia kitu kigeni. Alionyesha kilichokuwemo. Alikuwa anaishi mle.

Ila mshikaji alikuwa na jambo jingine, na lilitoka taratibu, kwa vile si mtu wa kusema sana mambo ya kwao. Kaka yake ni mwanajeshi. Alikuwa mashariki ya Kongo na kikosi cha Tanzania cha kulinda amani, mwaka 2017. Mwaka huo, tarehe 7 Desemba, kambi ya Semuliki huko Beni ilishambuliwa, na askari wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa usiku mmoja. Kaka yake hakuwa kambi hiyo. Alikuwa miongoni mwa waliofika baadaye.

"Wewe unamsifu afisa kwa sababu unajua mwisho wa hadithi," akaniambia. "Hekalu limebaki, watalii tunakuja, tunapiga picha. Yeye alikuwa hajui mwisho. Kama adui wangelala mle, wakapata joto, kesho yake wakawaua vijana wake ishirini, leo ungemwandikia insha? Jeshi ni mnyororo, mwanangu. Kila pingili ikianza kutafsiri amri inavyotaka, mnyororo hakuna. Hao wanaolala kwenye mahema wanalala kwa sababu wanaamini aliyeambiwa alinde lango amelinda lango."

Msomaji, sikuwa na jibu, na sitajifanya nilikuwa nalo. Nilimwambia tu kwamba afisa hakuacha kutii kabisa. Alichoma. Milango ya Kikorea ya kizamani ni fremu za mbao zilizobandikwa karatasi. Ukiiondoa na kuirundika inawaka vizuri na kutoa moshi wa kutosha. Na jengo lisilo na milango katika nyuzi 14 chini ya sifuri si malazi ya kutamanika. Huenda hata alitimiza sehemu ya lengo la amri, akiacha neno lake.

"Lakini moshi ulikuwa wa nini?" akauliza. "Kama lengo ni kuondoa milango, angeibomoa akaitupa mtoni. Moshi ni wa kuwadanganya wakubwa. Ule ni uongo."

Hapo tukaingia kwenye ule ugomvi wa zamani wa wanafalsafa. Kant, Mjerumani, aliandika mwaka 1797 kwamba hata muuaji akibisha hodi kukuuliza kama rafiki yako amejificha kwako, kumjibu uongo ni kosa. Watu wengi wakisoma hapo humfunga Kant wakamweka rafu ya juu. Lakini huyo huyo Kant, akifundisha darasani, alitoa mfano wa mtu anayefunga mizigo yake ili watu wadhani anasafiri. Akasema huo si uongo, kwa kuwa hakuna aliyeahidiwa ukweli. Watu wamejidanganya wenyewe kwa kutazama. Nikasema: basi moshi ni mizigo iliyofungwa. Afisa hakutamka neno. Wenye macho wakaona walichotaka kuona.

Mshikaji akacheka mpaka mvuke ukamfunika uso. "Huyo Kant wako angekuwa karani wa mahakama, watu wangekoma! Wakubwa walikuwa na haki ya kuambiwa, bwana. Jirani anayechungulia mizigo yako hana haki. Mkubwa wako anayo."

Kweli anayo. Siwezi kumkatalia. Na hapa ndipo bonde lile linapokuwa gumu kuliko insha yoyote, kwani liliwahi kutunza jambo lingine linalovuta upande mwingine kabisa.

Karibu na Woljeongsa kuna jumba la makumbusho lililofunguliwa Novemba 2023, la kumbukumbu za wafalme wa Joseon. Ukiwa mwandishi, au unataka kuwa mwandishi, jumba hili usilipite. Enzi za Joseon kila mfalme alifuatwa na waandishi wa historia walioandika alichosema na alichofanya, na kitabu chake kilikusanywa baada ya yeye kufa. Mfalme hakuruhusiwa kusoma yanayoandikwa juu yake. Mwaka 1404 mfalme Taejong alianguka kutoka kwenye farasi akiwinda. Akainuka, akatazama huku na huku, akasema mwandishi asijue. Tunajuaje kwamba alisema hivyo? Kwa sababu mwandishi aliandika, pamoja na lile katazo. Mimi nilipolisoma mara ya kwanza niliruka kitandani.

Vita na Wajapani kati ya 1592 na 1598 viliteketeza maktaba tatu kati ya nne zilizotunza vitabu hivyo. Nakala moja tu, ya mji wa Jeonju, ilinusurika kwa kubebwa na kufichwa mlimani. Basi wakanakili upya na kusambaza nakala kwenye milima ya mbali, na moja ikaja hapa Odaesan, mwaka 1606. Karatasi zilikuwa haba, kwa hiyo baadhi ya vitabu vilivyoletwa Odaesan vilikuwa nakala za kusahihishia, zenye alama za wahariri bado ndani yake, neno limekatwa hapa, limeongezwa pale. Mwaka 1913 Wajapani walivichukua vikapelekwa Chuo Kikuu cha Tokyo, na tetemeko la mwaka 1923 likachoma sehemu kubwa. Vitabu 27 vilirudi Korea mwaka 1932, vingine 47 mwaka 2006, na sasa viko hapa hapa bondeni. Nilisimama mbele ya kioo nikitazama kosa lililosahihishwa na mtu aliyekufa miaka mia nne iliyopita. Mshikaji alinivuta mkono, basi lilikuwa karibu.

Angalia basi shida yangu. Bonde moja. Hapa linawaheshimu watu walioandika ukweli hata mfalme aliposema wasiandike. Kule juu linamheshimu mtu aliyetuma moshi wa uongo kwa wakubwa wake. Huwezi kuwapenda wote wawili kwa sababu ile ile. Kama kinachopendeza kwa mwandishi ni ukweli, afisa kaharibu. Kama kinachopendeza kwa afisa ni huruma, mwandishi wa Taejong alikuwa mtu katili tu, anamwaibisha mtu kwa kuanguka kwenye farasi.

Nilijaribu kusema: wote wawili walikataa kumpa mkubwa kila anachotaka. Lakini hilo ni jepesi mno. Wapo wengi waliokataa kuwapa wakubwa wanachotaka, na walikuwa majambazi. Afadhali niseme hivi, ingawa mshikaji hakulikubali: wote wawili walikuwa wanamfikiria mtu ambaye hayupo. Mwandishi alimfikiria msomaji atakayezaliwa. Afisa, sijui, labda alimfikiria mtu atakayekuja kupanda ngazi zile siku moja akatafuta paa. Wakubwa wao walikuwa wanafikiri leo na kesho tu, na katika vita leo na kesho si kidogo, ndiyo maisha yenyewe. Kwa hiyo simwiti mkubwa mpumbavu. Nasema tu kwamba wa katikati aliona mbali zaidi, na kuona mbali hakumpi mtu haki moja kwa moja. Hapo ndipo ninapokwama kila nikirudia.

Tulifika Sangwonsa saa nane na nusu mchana, miguu mizito. Chini ya ngazi kuna jiwe ambalo, kwa hadithi za pale, mfalme Sejo alitundika nguo zake akaoga kijitoni. Sejo huyu alimpokonya kiti mpwa wake, mtoto Danjong, mwaka 1455, na miaka miwili baadaye mtoto akauawa. Hadithi yasema akapata ugonjwa wa ngozi. Akiwa anaoga, kijana mdogo akatokea akamsugua mgongo. Mfalme akamwambia asimwambie mtu kwamba ameugusa mwili wa mfalme. Kijana akamjibu, na wewe usimwambie mtu umemwona Manjusri. Manjusri ndiye mtakatifu wa hekima wa Wabudha. Mfalme mwingine tena, "usiseme"! Bonde hili limejaa wafalme wanaosema usiseme, na yote tunayajua.

Ndani ya ukumbi yumo Manjusri huyo wa mbao, mtoto mwenye mashavu, aliyechongwa mwaka 1466. Na nje kuna kengele iliyoyeyushwa mwaka 725, ya zamani kuliko zote zilizobaki Korea, ina malaika wawili wanaopiga ala huku wakielea. Haipigwi tena, imefungiwa ndani ya kioo. Ukitazama hivi viwili unasema: haya, afisa alikuwa sahihi, mjadala umefungwa. Lakini jengo lenyewe alilolikuta lilikuwa la juzi tu. Hekalu liliungua mwaka 1946 na likajengwa tena mwaka 1947. Ukumbi wa miaka minne! Kwa hiyo hata hoja ya urithi wa kale haimsaidii sana. Kengele ingeweza kuburutwa nje, na sanamu ya mtoto si mzigo wa kushinda askari. Kilichookolewa kwa milango kilikuwa kitu gani hasa?

Nilikwenda kuishika milango. Ipo mipya, imetulia, karatasi yake nyeupe inapitisha mwanga wa mchana kama maziwa yaliyozimuliwa. Nikawaza jambo ambalo wasimulizi hulipita haraka. Askari waliondoka, moshi ukaisha, na mzee akabaki. Januari, ukumbi bila milango. Hanam alifariki Machi mwaka huo huo, 1951, akiwa ameketi kama alivyozoea kuketi; ipo picha yake maarufu, kichwa kimeinama kidogo nyuma, macho yamefungwa. Alikuwa mzee, na wazee hufa. Sisemi baridi ndiyo iliyomwua. Nasema tu kwamba huruma ya afisa haikuwa ya bure, na aliyeilipia si afisa.

Mwanafunzi mmoja wa Hanam, mtawa Tanheo, alikuja kuutafsiri ule msahafu wenye kisa cha Seonjae kutoka Kichina cha kale hadi Kikorea, kazi ya miaka mingi, ikachapishwa mwaka 1975. Hilo nalitaja kwa ajili ya wenzangu wanaoshinda na kalamu. Kutafsiri ni kazi ya mtu wa katikati, na hakuna mtafsiri ambaye hajaacha mlango mmoja nyuma.

Basi la kurudi lilichelewa kidogo. Tulishuka Jinbu tukiwa tunatetemeka kama kuku walionyeshewa, tukaingia mgahawa wa kwanza wenye mwanga. Mama mwenye mgahawa hakutuuliza kitu, akaleta supu ya hwangtae. Huyo ni samaki anayetundikwa nje milimani huku miezi ya baridi, usiku anaganda, mchana anayeyuka, anaganda tena, mpaka anakuwa wa manjano na mwepesi kama sponji. Mshikaji akaonja, akafumba macho. "Huyu ni ng'onda," akasema. "Ng'onda wa barafuni." Akala kimya kwa muda. Nikajua bado anawaza.

"Mimi ningechoma," akasema mwishowe.

"Hata mzee akiwa ndani?"

"Ningemtoa kwanza."

"Si kakataa kutoka."

"Ningembeba."

Nikaweka kijiko chini. Maana ndiyo kweli. Mzee wa miaka sabini na kitu, mla mboga, ana kilo ngapi? Askari wawili wangembeba pamoja na joho lake wakamweka kwenye theluji, ukumbi ukachomwa, amri ikatimia, na hakuna mtu angekufa. Haikuhitajika falsafa yoyote. Jambo jepesi kuliko yote lilikuwa pale, mkononi mwao, na katika masimulizi yote niliyoyasikia hakuna hata mmoja aliyemgusa. Wakaona rahisi zaidi kung'oa milango, mmoja mmoja, kwenye baridi ile.

"Kwa nini unadhani hawakumbeba?" nikamwuliza.

Alikuwa anatazama dirishani, ambako hakuonekani kitu kwa mvuke. Akachelewa kujibu.

"Labda walikuwa wamechoka kubeba watu," akasema. Kisha akauliza treni ni saa ngapi.